Mzizi Wenye Kistari

Plovdiv, Februari. Theluji imegeuka tope.
Katika chumba cha nyuma cha kampuni ya lifti
Radka Chomakova anasoma programu ya marehemu,
mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo,
kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha ya matokeo.

Ognyan Tsenkov aliiandika mwaka tisini na sita
kwa lifti nne za hospitali.
Bado inapandisha wajawazito.

Sisi wa Kiswahili tatizo hili tulilijua darasa la tatu:
andika *-funguka*, kistari mbele,
mwalimu anauliza, nini?
Kopo? Dirisha? Mlango?
Mzizi peke yake haufungui chochote.

Basi kielekezi cha kitendo ni mzizi wenye kistari.
Kinajua namna ya kufungua, hakijui kufungua nini.
Kila ukikiita, sharti ushike mkononi kitu chenyewe,
mlango wa nne, mlango wa saba,
ukitangulize kama kiambishi.
Na ngeli ikiwa na wazao waliojibadilishia desturi,
mashine hukimbilia jedwali, hupekua:
mlango wa ukoo huu hufungukaje?
Huuliza tena. Huuliza mara elfu kwa sekunde
jambo ambalo jibu lake halijabadilika tangu asubuhi.

Kompaila ya Ognyan ilikuwa na neno la ziada.
Halimo katika sanifu, hakuna kamati iliyolipitisha.
Lilifunga nafsi na mzizi fundo moja:
*unafunguka*.
Neno zima, la kutia mfukoni,
la kukabidhi kitufe kisichojua kinamwita nani.
Jedwali husomwa mara moja. Jibu huwekwa.

Lahaja. Fupi, tamu, ya mtaa mmoja.

Na mtaa umehama. Kompaila mpya husema sanifu tu;
ikifika kwenye neno lile inagoma:
*sielewi, mstari wa 212.*
*Sielewi, mstari wa 213.*
Makosa mia tatu na arobaini kabla ya chai.

Radka hakasiriki. Amekulia milimani, Smolyan,
kwa bibi aliyetaja kisu kwa namna tatu:
kilicho kwangu, kilicho kwako, kile cha mbali.
Shuleni namna mbili zilipigwa wino mwekundu.
Anajua kulia kwa lahaja na kuomba kazi kwa sanifu.

Kwa neno moja la Ognyan anaandika mistari kumi na moja:
hapa kitu, hapa kitendo,
hapa kisanduku cha kuvishika vyote viwili.
Maana ni ileile. Pumzi ndiyo imerefuka.

Mstari wa 907, maelezo ya mkono wake, herufi ndogo:
*fundo halijui kama kitu kimekufa.*

Anasimama. Anashuka ghorofa, anavuka barabara bila koti.
Mlango wa tano ulizibwa kwa matofali walipopanua maabara;
kitu chake kilifutwa kwenye kumbukumbu,
fundo likabaki kwenye kitufe.
Miaka yote hiyo ukibonyeza tano
wito ulikwenda kwenye anwani ya aliyehama,
na aliyepangishwa baadaye, asiyejua lolote la milango,
aliitika alivyoweza: taa ya tatu ikawaka.
Wauguzi waliiita *ya jini*, wakapanda ngazi.

Anairekebisha jioni. Kisanduku chake kwanza huuliza: upo?
Kisipojibiwa, hunyamaza.
Maelezo ya Ognyan hayagusi.

Saa mbili kasoro usiku simu ya mezani inalia,
ile ya zamani, ya ndani, namba thelathini na nne.
Sauti kutoka chumba cha mitambo,
ya mtu aliyeikariri namba kabla Radka hajajua kusoma:
Ognyan, ya pili imekwama tena.

Mezani kuna kikombe chake bado, na mwanamke.

Radka anafungua mdomo, anatafuta kiambishi.
Ni-, anaanza.
Ninakuja.